Chumba Alichozaliwa Mwandishi

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia, nawasomea maisha ya mama yetu mdogo, mliyezoea kumwita Mama Funguo, aliyezaliwa tarehe 4 Machi 1957, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, na ambaye, kwa maelezo ya dada yake, alianza kuuliza maswali kabla meno hayajatimia.

Alisoma shule ya msingi ya hapa mtaani kuanzia 1965 hadi 1971, kisha sekondari hadi 1975, na tarehe 1 Juni 1982 akaajiriwa kushika funguo na kutembeza wageni katika ile nyumba ya ghorofa alikozaliwa mwandishi wetu mpendwa, kazi aliyoifanya miaka thelathini na mitano. Humo alimpata seremala aliyeletwa kurekebisha madirisha, kazi ya siku tatu iliyochukua miezi miwili, wenye macho tukaelewa, wakafunga ndoa tarehe 12 Oktoba 1985, wakajaliwa mabinti wawili.

Jambo moja lilimkosesha raha. Kibao cha mlangoni pa nyumba hiyo kilisema mwandishi alizaliwa chumba cha juu, lakini mwenyewe aliandika kuwa alipokelewa duniani na kelele za mvua juu ya bati, na chumba kile kimeezekwa vigae, paa la bati liko kwenye stoo ya jikoni tu. Marehemu aliiandikia barua ofisi inayosimamia nyumba hiyo mara tisa, akajibiwa mara moja, aache ubishi, naye, king'ang'anizi kama kupe, akawa anawaonyesha wageni vyumba vyote viwili na kuwaambia wachague.

Figo zilianza kumsumbua Januari 2023, akalazwa hospitali ya wilaya tarehe 9 Mei 2024, akatuambia wazi kwamba kufa haogopi, anachoogopa ni kufa bila kujua. Mabinti wakamtafuta dada mkubwa wa mwandishi, bibi wa miaka tisini na moja, akaletwa hadi kitandani tarehe 15, akasema si chumba hiki wala kile: mama yao alikuwa akipandishwa juu, mvua inanyesha, mtoto hakusubiri, akazaliwa kwenye ngazi za nje, ambazo enzi hizo zilikuwa na paa la bati, na yeye bibi ndiye aliyeshika taa. Marehemu alicheka mpaka muuguzi akaja mbio. Alifariki tarehe 17, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kukesha nasi, wafanyakazi wenzake, na bibi yetu huyu aliyeketi mbele, aliyekubali kusafiri na magoti yake yale.

Ngazi hizo, ndugu zangu, marehemu alizipiga deki kila asubuhi kwa miaka yote thelathini na mitano, kwa mkono wake, akikataa kusaidiwa, bila kujua.

Mama mdogo, sasa unajua. Pumzika kwa amani.