Sajini Desderius na Sufuria la Felisita

Padri, wazee wa ukoo na majirani, historia hii inasomwa yote, hata pasipopendeza, kwa sababu marehemu alitaka hivyo.

Marehemu Desderius Pancras alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, Murusagamba, wilayani Ngara, akasoma shule ya msingi hukohuko hadi mwaka 1967, na mwaka 1971 akajiunga na jeshi, akapelekwa Kamandi ya Wanamaji, Dar es Salaam, yeye ambaye maji makubwa aliyoyajua yalikuwa ya mto Ruvubu. Alikuwa mpishi wa meli hadi alipostaafu mwaka 1994 akiwa sajini, akiwapikia watu wa Pemba, Tarime na Newala sufuria moja, na bahari ilipochafuka wakatapika, alifuta matapishi yao, akanawa, akapakua tena, wala hakuona kinyaa.

Tarehe 22 Agosti 1981 alifunga ndoa na Felisita, ambaye wazazi wake walitoka Burundi mwaka 1972 wakalima mihogo hapa Runazi, wilayani Biharamulo. Kinyaa marehemu alikijua siku hiyo ya harusi, pale kaka yake mkubwa, mzee Idefonsi, aliposukuma sahani mbele ya wageni akasema yeye hali chakula cha mkimbizi.

Walijaliwa watoto watatu, Tecla, anayewasomea hapa, Audax na Jean Paul, nao wamekua wakiwaona ndugu wa Murusagamba wakija na chakula chao kwenye ndoo, wakitafuna uani kwa mtu aliyelisha meli nzima, na tuseme ukweli, jambo hilo linachefua.

Mwaka 2022 alianza kuugua figo, Felisita akamlisha uji kwa kijiko hadi alipofariki dunia tarehe 9 Juni 2025. Hata kwenye msiba huu, wazee wetu, mmeinjika sufuria lenu nyuma ya ghala, tumeliona, na harufu yake inafika hapa penye jeneza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Runazi mliochota maji na kupasua kuni, na wanajeshi wastaafu mliotoka mbali, mkala kwa mama bila kuuliza kabila lake.

Marehemu aliacha wosia mmoja mbele ya padri, kwamba asiyekula kwa Felisita asimtupie udongo. Baba mkubwa Idefonsi, shikamoo, kwa desturi wewe ndiye wa kwanza kaburini, na mama amekwisha kukupakulia ugali na maharage, bado vya moto.

Pumzika kwa amani, Sajini, majembe yatasubiri sahani irudi tupu.