Hadithi Ambamo Hakufa Mtu

Katika basi la Gihosha, miaka ile ya vita, dada mmoja alikuwa anamwambia mzee aliyeketi kando yake, fundi aliyeomba kushukia Mutanga, kwamba hadithi yake ya maneno hamsini imeshinda mashindano ya kirafiki kwenye intaneti. Zawadi ilikuwa pongezi tu, lakini alikaa kama mtu aliyepewa nyumba.

"Inasema nini?" mzee akauliza.

"Mwanamuke anaenda kwa wifi yake kugombana. Couvre-feu, ile saa ya kukatazwa kutoka inje, inamukutia pale, analala. Asubuhi wanakunywa chai pamoja."

"Nani anakufa?"

"Hakuna mutu."

"Basi hiyo si hadithi, mutoto yangu. Vita iko wapi?"

"Iko inje, papa. Hawakuifungulia mulango."

Dereva mwenyewe alicheka. Tuliposimama Gihosha mzee bado alikuwa anabisha kwamba si hadithi, na Mutanga yake tulikuwa tumeshaipita.