Springi za Nyuma za Efraimu

Benchi letu liko pale njia ya Uru inapogawanyika, mkono mmoja ukienda kanisani na mwingine ukipanda kwenye vihamba, mashamba yetu ya migomba na kahawa kule juu. Ni ubao mmoja juu ya mawe mawili, umeegemea ukuta wa bohari ya kahawa. Mwaka ule vita vya Uganda vilikuwa vimekwisha, askari wamerudi, lakini sukari haikurudi nao, wala sabuni, wala vipuri vya magari. Mimi Anaeli ndiye mwenye birika. Nilikuwa nachemsha kahawa ile iliyokataliwa na mpimaji, tunakunywa chungu hivyo hivyo, kila mtu na uso wake umekunjamana. Walioketi kila siku walikuwa wanne. Mzee Eliamini, balozi wa nyumba kumi, tukimwita Balozi tu. Primus, ambaye tulimwita Redio kwa sababu hazimi. Filemon mkata matawi, jina lake la benchini Msumeno. Na Efraimu, mwenye Landrova kuukuu, gari pekee kule juu lililokubali kubeba mgonjwa mvua ikinyesha.

Asubuhi hiyo Landrova ilikuwa imeegeshwa mbele yetu, mbele juu, nyuma chini.

— Gari lako limechuchumaa kama kuku anayetaga, Redio akaanza.

— Springi za nyuma zimechoka, Efraimu akasema. Nikipakia watu wanne tu, tumbo linasugua mawe. Juzi pale mtoni nimeacha nusu ya bomba la moshi.

— Si ulikwenda mjini, gereji kwa Gurdev?

— Nimetoka huko jana. Ana jozi mbili tu. Moja nyembamba, imetoka kwenye Landrova kama hii, imeshatumika. Itainua nyuma vidole viwili, basi. Nyingine nene, imetoka kwenye gari lililokuwa linabeba saruji. Hiyo itainua shibiri nzima.

— Na Gurdev mwenyewe anasemaje?

— Anasema chagua kwa mzigo unaobeba, usichague kwa macho. Springi nene bila mzigo inarusha. Nikamwambia mimi nabeba ndizi, nabeba kahawa, nabeba watu, nabeba wagonjwa. Akacheka. Akasema, basi nunua magari manne.

Tukacheka na sisi. Balozi akaweka kikombe chini, akakohoa kikohozi chake cha mkutano.

— Ndugu zangu, samaki mkunje angali mbichi. Zile springi zako za zamani zipeleke kwa mhunzi azitie moto, azikunje upya.

— Balozi, ule msemo ni wa watoto, si wa vyuma! Redio akasema. Na hicho chuma si kibichi, kimezeeka kuliko wewe. Weka nene, Efraimu. Mpanda ngazi hushuka.

— Sasa hiyo inahusu nini? Efraimu akauliza.

— Inahusu urefu! Ukianza juu sana, hata ukishuka bado uko juu. Ukianza na vidole viwili, baada ya masika uko chini tena.

— Mimi naogopa hiyo kurusha.

— Kurusha ni mwanzo tu. Springi ni kama kiatu kipya. Kinabana, halafu kinalainika.

Efraimu akamgeukia Filemon, ambaye alikuwa ananoa panga lake taratibu. Filemon alikuwa mtu wa maneno machache. Akiwa juu ya mti ndiko alikozungumza, akipiga kelele kwa watu waliopita chini.

— Msumeno, wewe unasemaje?

— Weka nene, Filemon akasema. Mimi nina mbao zangu za kuteremsha mjini. Hili gari lilivyo sasa, nikizipakia litakaa chini na halitaamka.

Basi hapo likaisha. Balozi akaongeza kwamba gari la mtu mmoja likinyanyuka, kijiji kizima kimenyanyuka, na hakuna aliyemjibu, kwa sababu tulizoea.

Jumamosi Efraimu akarudi na springi nene. Tulizifunga sisi wenyewe pale kando ya benchi, tumelala chali kwenye majani, Redio akitoa amri. Tulipolishusha gari kutoka kwenye jeki, lilisimama kama fisi aliyegeuzwa kinyume, mabega chini, kiuno juu. Watu waliotoka sokoni walisimama kutazama. Efraimu akapima kwa mkono kutoka kwenye tairi hadi kwenye bati, akapima tena upande wa pili, akatabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitabasamu tangu mwanawe aandikwe jeshini.

Kesho yake alimbeba mkewe Martha kwenda kanisani. Martha aliketi nyuma na wanawake wenzake wawili. Waliposhuka, alijishika kiuno.

— Mae! Mimi humo sirudi tena, akasema. Nitatembea.

— Zitalainika, mama, Redio akamwambia.

Hazikupata muda wa kulainika. Alhamisi Filemon alipanda mgrivea wa Balozi, ule mrefu ulioota katikati ya kahawa, hatua chache juu ya benchi letu. Balozi alitaka matawi yapunguzwe ili mibuni ipate mwanga. Mti ulikuwa na maji, mvua ilikuwa imenyesha usiku. Tulimsikia Filemon akimsalimia mtu huko juu, halafu tukasikia tawi, halafu tukasikia kishindo. Hakupiga kelele yeye. Aliyepiga kelele ni Beatrice, mkewe, aliyekuwa chini akikusanya kuni.

Tulikimbia wote. Alikuwa amelala chali kati ya mibuni miwili, macho wazi.

— Msumeno! Unanisikia?

— Nakusikia. Usiniguse mgongo.

— Leteni mlango! Ng'oeni mlango wa zizi!

— Efraimu, washa gari!

Tulimweka juu ya mlango, tukamfunika blanketi, tukamteremsha hadi barabarani. Hapo ndipo tuliposumbuka. Zamani ungeweka mtu nyuma ya Landrova kama unavyoweka mtungi juu ya jiwe la jikoni. Sasa sakafu ya gari ilitufika kifuani.

— Inueni! Upande wako, Primus, upande wako!

— Nimeinua! Gari ndilo liko juu!

— Polepole, jamani, polepole!

Akaingia. Beatrice akapanda, akakipakata kichwa chake. Balozi akaketi mbele na Efraimu. Mimi na Redio tulibaki tumesimama, mikono imejaa matope, tukilitazama gari likiteremka. Lilikuwa tupu isipokuwa watu wale wanne. Kila lilipogonga jiwe, nyuma iliruka, ikakaa hewani kidogo, ikarudi chini kwa kishindo. Tulisikia sauti ya Filemon kwenye kona ya kwanza. Tuliisikia kwenye kona ya pili. Efraimu alituambia baadaye kwamba aliendesha polepole hadi watu wa miguu wakampita, na bado liliruka. Baada ya mto, Filemon alinyamaza. Balozi akamgeukia akamwuliza, vipi? Filemon akasema, sasa haiumi tena. Efraimu akamshukuru Mungu kwa sauti.

Hospitalini walimchoma pini kwenye nyayo, Filemon akamwuliza daktari wataanza lini kumpima.

Wiki zilizofuata benchi lilikuwa zito. Watu walikuja, wakaketi, wakanywa kahawa chungu. Pale alipozoea kukaa Filemon pengo likabaki, hakuna aliyelikalia. Lakini midomo haikukaa kimya.

— Mimi nasema wazi, Balozi akasema siku moja. Mti haukumvunja. Mti ulimwangusha tu. Alizungumza na sisi pale chini, alikuwa na akili zake. Aliyemvunja ni zile springi. Mimi nilikuwa mbele kwenye kiti na mpaka leo shingo haigeuki.

— Balozi, usiutetee mti wako! Redio akasema. Mtu ameanguka urefu wa kanisa! Mgongo ulikatika hapo hapo. Springi zilipokea maiti ya mgongo.

— Nani alisema zifungwe nene?

— Na nani alisema mti wenye maji ukatwe siku hiyo hiyo?

— Maji yakimwagika hayazoleki, bwana.

— Ndiyo, na wewe uliyamwaga!

Efraimu alikaa mwisho wa benchi. Landrova ilikuwa nyumbani kwake tangu siku ile, chini ya migomba. Wagonjwa wawili walikuja kumwita, akasema gari bovu. Halikuwa bovu.

Kila asubuhi maneno yalipanda ngazi nyingine. Redio akasema amesikia kwamba lile gari la saruji halikuwa la saruji, lilikwenda vitani Kagera, likabeba askari waliokufa, na chuma kilichobeba wafu hakisahau kazi yake.

— Si ulisema ni mti? nikamwuliza.

— Mti na chuma vimeshirikiana, Anaeli. Umoja ni nguvu.

Balozi akasema hapana, tatizo ni sukari. Tangu sukari ipotee, mifupa ya watu imekuwa mikavu kama mabua. Zamani watu walianguka kutoka kwenye migrivea, wanapangusa vumbi, wanakwenda kunywa pombe yao ya mbege. Redio akasema kama ni hivyo basi serikali ndiyo iliyomvunja Msumeno. Balozi akatazama huku na huku, akasema yeye hakusema hivyo, na asinukuliwe.

Mara moja tu Efraimu alizungumza. Alikuwa ameteremka kwa miguu hadi Moshi kumwona Gurdev.

— Nimemwuliza, akasema. Nimemwuliza, Gurdev, ni springi?

— Akasema?

— Aliweka spana chini. Akasema, ningekuwa sina zile nene, ungechukua zile nyembamba, na mimi jana ningelala. Halafu akasema, lakini hata hilo silijui, mzee, mimi sijui mgongo wa mtu.

— Kwa hiyo hajakataa, Balozi akasema.

— Wala hajakubali! Redio akadakia.

Efraimu akainuka, akaondoka akiacha kahawa yake.

Alikuwa benchini tena Jumatatu Yuditha alipofika. Yuditha ni dada yake Filemon, ameolewa Same, na kati yetu ni Balozi tu aliyemkumbuka alipokuwa msichana. Alikuja na kikapu, viatu ameshika mkononi kwa ajili ya matope.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanangu. Pole sana. Pole na safari, pole na mgonjwa.

— Nimeshapoa. Natoka hospitalini sasa hivi. Nimelala kwake siku tatu.

Tukasogea, akapata pa kukaa, ila hakukaa. Nikammiminia kahawa. Redio akaanza kumweleza habari ya gari la Kagera, na Balozi akamkatiza ili aeleze habari ya springi, wote wawili wakazungumza kwa pamoja, kila mmoja akimvuta upande wake. Yuditha aliwasikiliza kwa adabu. Walipovuta pumzi, akasema:

— Wazee wangu, mimi sikuja kutafuta mkosaji. Kuna jambo moja daktari anauliza, na mimi nimeona nije kuwauliza ninyi mliokuwepo. Mlipokuwa mnampakia garini, alikuwa anachezesha miguu?

Redio akamtazama Balozi, Balozi akanitazama mimi.

— Nimemwuliza wifi Beatrice. Yeye alikuwa kichwani, na miguu ilikuwa chini ya blanketi. Mwenyewe nimemwuliza, hakumbuki. Daktari anasema ni kitu kidogo, lakini kingemsaidia kujua.

Nilijaribu kukumbuka. Nilikumbuka uzito wa ule mlango wa zizi. Nilikumbuka msumari uliotokeza, ulivyonikwaruza kidole. Nilikumbuka Redio akisema gari ndilo liko juu.

— Alikuwa anachezesha, Redio akasema. Ndiyo. Alikuwa anachezesha.

— Mguu upi, kaka?

Redio akafungua mdomo. Akautazama mguu wake mwenyewe, kama vile jibu lingekuwa pale. Yuditha akamwacha, akamgeukia mzee.

— Balozi?

— Mwanangu, mimi nilikuwa nawaambia waende polepole.

Yuditha akanitazama mimi. Nikatikisa kichwa. Akamgeukia Efraimu, ambaye alikuwa ameinama, viwiko juu ya magoti.

— Na wewe, kaka Efraimu? Si ulikuwa nyuma ya gari wakati wanamwingiza?

— Nilikuwepo.

— Hukuona?

— Niliinama, Efraimu akasema. Alipoingia, mimi niliinama. Nilikuwa naangalia kama gari litashuka kidogo.

Mtu alipita na ng'ombe wake, akatusalimia, hatukumwitikia.

— Lilishuka? Yuditha akauliza.

— Halikushuka.

Akaokota kikapu chake. Akasema, haya, asanteni wazee, akashika njia ya juu kuelekea kwa Beatrice, akitembea pembeni mwa barabara penye majani. Efraimu alimtazama hadi alipopotea kwenye migomba. Kisha akaweka kikombe chake juu ya ubao, akamfuata.