Gari la Kiriri Limegoma Buyenzi

Kijiwe cha mafundi pale Buyenzi kina benchi moja na birika la kahawa ya tangawizi la muuzaji Mwanvua, na asubuhi hiyo macho yote yalimwelekea Massoudi. Wanamwita Sikio, maana miaka thelathini anatambua ugonjwa wa injini kwa kuisikiliza tu, na anajivunia hilo kuliko nyumba yake. Mbele yake gari la mazutu, yaani dizeli, la Libère, ambaye tangu alinunue kwa bosi mmoja wa Kiriri, mtaa wa wakubwa kule mlimani, anaitwa Minisitiri, lilikohoa, likatoa moshi mweupe, likanyamaza. Asubuhi ya tatu hiyo.

— Sikio, leo isipowaka naipeleka kwa wale wa mashini ya kupima magari, Minisitiri akasema.

Maneno yalimchoma Massoudi.

— Ni bujii, zile plagi za kupasha moto. Injini inaamka na baridi.

— Si jana uliweka mupya zote ine? akadakia Rachid, ambaye kwa kujua kila kitu anaitwa Profeseri. Na taa ya bujii, ile ya manjano, inawaka kwa tablo mbele ya usukani. Bujii ni nzima! Shida ni batiri. Mugeni njoo, mwenyeji apone: weka batiri mupya!

— Batiri inazungusha vizuri, we husikii?

— Basi mazutu iko na maji.

— Mchana inawaka na mazutu hiyo hiyo.

— Basi ni kiburi, sha! Kule Kiriri ililala kwa mulima, inateremuka kidogo, inawaka. Huku kwetu tambarare, haitaki. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu!

Benchi zima likaangua kicheko. Massoudi hakucheka, jina lake ndilo lililokuwa linazimika pale.

Ndipo akafika binti yake Houda, fundi wa garaji moja ya Gasenyi, kunywa kahawa kabla ya kazi. Akasikiliza kidogo.

— Baba, umeme unafika kwa bujii?

— Taa inawaka... Profeseri akaanza.

— Taa iko na waya yake, inajiwakia yenyewe, Mzee Rachid. Nauliza kwa bujii. Nani amepima?

Profeseri akachungulia kikombe chake. Massoudi akaitazama injini. Miaka thelathini ya kusikiliza, na umeme hauna sauti.

Aibu ilimpanda mpaka shingoni. Kisha akamtazama Houda, na kifua kikamjaa.

— Mumesikia swali hiyo? Mashini gani inaweza kuuliza hivyo? Huyu ni wangu, mi nimezaa! Minisitiri, leta funguo. Apana, si kwangu. Mupe yeye.