Mzee Figo na Jiwe Lililofika Hai

Ijumaa ya tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne ya kuchunguza mikojo ya watu, mwenzetu wa chumba cha bakteria anavua koti jeupe na kulitundika. Jina lake la kwenye hati analo, lakini hapa hospitali, kuanzia mlinzi wa getini mpaka mkurugenzi, anaitwa Mzee Figo, na akiitwa vingine hageuki. Mimi niliyeombwa kuandika haya ni jirani yake wa chumba cha damu. Tumetenganishwa na ukuta mwembamba, kwa hiyo kikohozi chake nakijua, na nyimbo anazokosea maneno nazijua pia.

Alianza kwa kuosha chupa, akapelekwa kusoma, akarudi mtaalamu wa maabara na kukabidhiwa chumba cha mwisho koridoni ambacho hakuna aliyekitaka. Sababu ni harufu. Wapo bakteria wanaovunja urea iliyomo kwenye mkojo na kutoa amonia. Mkojo ukishapoteza asidi yake, chumvi zinaganda, na jiwe linajengeka kwenye figo huku wajenzi wenyewe wakiwa wamejifungia ndani. Si mawe yote yanayotokea hivyo, hapo angenikatiza kunikumbusha. Lakini haya yanayotokea hivyo ni makorofi: ikibaki chembe moja yenye wenyeji wake, jiwe linarudi. Na sahani za kuwaoteshea wadudu hao, jamani, zinanuka!

Ndiyo maana saa ya chakula alikaa peke yake, kwenye meza ya pembeni karibu na bomba. Hakuna aliyemfukuza. Alijihamisha mwenyewe siku moja akidai kwamba anatuonea huruma, tukacheka, na utani ukageuka mazoea. Mkewe alipofariki alianza kufika kazini kabla ya wafagizi, nami kupitia ukuta nikawa namsikia akiwasabahi bakteria wake na kuwauliza wamelalaje. Nilicheka mara ya kwanza tu.

Sasa tuje kwenye fomalini. Miaka nenda rudi, jiwe likitolewa kwa mgonjwa, chumba cha upasuaji kiliitia chupa fomalini, kama wanavyofanya kwa kipande chochote cha nyama kinachokwenda kupimwa. Fomalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, haiachi kitu hai. Mzee Figo alivunja, akaotesha, akasubiri, akaandika kwamba hakuna kilichoota. Wao wakaamini, naye akaamini. Kosa lilikuwa la wote, na lingeendelea mpaka leo kama si fundi cherehani mmoja.

Mama huyo alikuwa amepasuliwa na kupasuliwa tena, na mawe yanarudi. Figo moja ilikuwa hoi, madaktari wameanza kuzungumzia kuiondoa. Siku moja jiwe dogo likamtoka lenyewe nyumbani, akalifunga kwenye kipande cha kitambaa cha buluu alichokuwa akishona, akaliacha mapokezi. Mzee Figo akaliosha vizuri kwa nje, akalivunja, akaotesha kiini chake. Asubuhi iliyofuata nilisikia yowe, nikadhani ameungua. Sahani nzima ilikuwa imejaa bakteria.

Alipanda ngazi mbiombio hadi mlango wa chumba cha upasuaji, akawaambia kwa sauti iliyofika mpaka wodini kwamba miaka yote hiyo walikuwa wakimletea maiti, na yeye, mpumbavu wa mwisho, alikuwa akizipima homa. Daktari mpasuaji, mtu asiyecheka ovyo, alicheka mpaka akavua miwani. Tangu hapo mawe yanashuka kwenye vichupa vikavu vilivyotakaswa, vyenye mwandiko wa Mzee mwenyewe: LIJE HAI.

Fundi cherehani alipewa dawa iliyowaweza wadudu wake, mabaki ya mawe yakasafishwa, akapona. Na hapo ndipo penye upweke wa kazi hii. Mgonjwa akipona, kichupa chake hakiji tena. Mzee Figo hakuwahi kumwona hata sura. Mara nyingi, akipokea vichupa vya asubuhi, aliniuliza kijuujuu kama nimesikia habari za yule mama. Nikimjibu kwamba kimya ni habari njema, anakubali, halafu anarudi chumbani kwake na kufunga mlango. Kile kitambaa alikichemsha, akakikausha, akakibandika kwenye kabati la joto anamooteshea wadudu wake. Bado kipo.

Juzi aliniambia jambo ambalo halikuwa utani. Kustaafu hakuogopi, anaogopa jioni. Nyumba ina viti vinne na anakalia kimoja. Binti yake yuko mbali, husikika tu kwenye simu. Akaomba leo, kwenye hafla hii ya kumuaga, awekewe kiti karibu na mlango, asije akamsumbua mtu.

Mzee wangu, hilo tumekukatalia. Tumekuweka katikati, na najua unasoma karatasi hii huku ukijiuliza huyo mama aliyekaa kulia kwako, asiyefanya kazi hapa, ni nani. Tulimtafuta. Figo zake anazo zote mbili. Siku zote alidhani kilichomponya ni kunywa maji mengi. Tulipomsimulia aliuliza kama jioni huwa unakula peke yako. Kitambaa cha meza iliyo mbele yako amekishona yeye, na rangi yake unaijua.

Ahsante kwa kazi yako yote uliyoifanya nyuma ya mlango uliofungwa. Tunakutakia jioni njema, hii na zote zijazo. Haya, geuka umsalimie.