Nyuki wa Chumba cha Shangazi

Kawaida benchi letu huegemea ukuta wa nyumba yetu, upande wa barabara. Juu yake, kimo cha mtu aliyenyoosha mkono, kuna ufa ambao kundi la nyuki liliufanya mlango. Nyuma ya ufa ni chumba cha shangazi. Waliingia siku ya pili baada ya yeye kuvunjika mguu na kulazwa; siku ninayoisimulia ilikuwa ya kumi na saba, nilihesabu. Jioni hiyo alikuwa anarudi, ngazi hawezi kupanda, na nyumba yetu ina chumba kimoja tu cha chini. Wazee wa benchi walikuwa wamelihamishia ng'ambo ya barabara, wakishauriana tangu asubuhi.

JAJI: Hili ni jambo jepesi. Hawa ni wapangaji wasio na mkataba. Unasimama pale ufani, unawasomea notisi mara tatu.

Jaji hajawahi kukanyaga mahakamani, hata kama shahidi. Jina alipewa kwa kupenda kuwa na neno la mwisho.

FUNDI VIATU: Nenda kawasomee basi.

JAJI: Mimi natoa hukumu. Utekelezaji si kazi yangu.

FUNDI VIATU: Mwenzio angalau nilijaribu!

Ni kweli. Asubuhi alipanda kiti, akaziba ufa kwa kitambaa na gundi ya soli, akashuka akijipongeza. Kufika saa tano nyuki walikuwa wametoboa njia nyingine, kwenye swichi ya taa, na nilikuta arobaini na mmoja juu ya mto wa shangazi. Ikabidi aliyeziba akazibue. Tangu hapo mdomo wake wa juu ulikuwa ukimtangulia.

MAMA BIRIKA (akimimina kahawa): Ungeuliza kwanza kama wana mlango wa uani.

DAKIKA MBILI: Mimi naondoka, nina dakika mbili tu. Lakini sikilizeni. Nyuki wanafuata malkia. Leteni malkia wa pili, mtieni humo. Watagombana, mmoja atafungasha virago.

FUNDI VIATU: Huyo wa pili unamtoa wapi?

DAKIKA MBILI: Kuna kundi kwenye paa la karakana.

JAJI: Yaani tuwahamishe nyuki wa karakana ili tuwahamishe wa hapa?

DAKIKA MBILI: Hatua kwa hatua, bwana.

FUNDI VIATU: Tuwanyeshee mvua. Mpira wa maji, siku tatu mfululizo. Wakidhani masika yameingia, watahama.

MAMA BIRIKA: Mvua ikinyesha nyuki hukaa ndani, baba.

FUNDI VIATU: Hawa si nyuki wa kawaida. Mbona walisubiri mwenye chumba alazwe?

JAJI: Hapo kuna mtu aliwapa habari.

DAKIKA MBILI: Ufunguo wa chumba anao nani?

Wote wakanigeukia. Nikasema ninao mimi, na nyuki hawakuuhitaji.

Nilikuwa nimeshamwita mfugaji nyuki. Alifika saa nane kwa baiskeli, sanduku la mbao nyuma: mama mmoja mwembamba, si msemaji. Alifukiza moshi, akatoa matofali matatu kwa ndani, akakata masega moja moja na kuyafunga kwa uzi kwenye fremu za lile sanduku. Benchi lilimwelekeza kazi kwa sauti, kutoka ng'ambo. Kabla ya jua kuzama alitoka amebeba sanduku, akavuka barabara.

— Wazee, naomba benchi.

Hakuna aliyewahi kuwaomba hilo. Walisimama. Akaliweka chini ya ufa, na sanduku juu yake.

— Malkia yumo. Waliokwenda kutafuta chakula watarudi, wakipata harufu yake wataingia. Giza likishika nawachukua niwapeleke shambani kwangu, mbali, wasije wakarudi. Lakini sanduku likiangushwa watarudi ukutani, na mgonjwa wenu atakosa pa kulala. Mimi nafuata gari la kulibeba. Wewe mwenye nyumba kaoshe ukuta na kurudisha matofali. Sasa nani atakaa hapa na sanduku?

Dakika Mbili akaondoka, safari hii kweli. Jaji akasema suala hilo linahitaji muda. Fundi Viatu akaonyesha mdomo wake. Mama Birika akatikisa birika. Lilikuwa tupu, naye akaondoka kwenda kulijaza, ingawa saa hizo huwa anafunga.

Ndipo gari lililomleta shangazi likasimama. Alishuka kwa magongo, mguu mmoja umefungwa plasta hadi pajani, akatutazama mmoja mmoja, kisha sanduku.

— Mbona mmesimama kama mko msibani?

Nikamweleza yote, na arobaini na mmoja wa kwenye mto. Akamgeukia mfugaji.

— Mlinzi anatakiwa kufanya nini, mwanangu?

— Kutulia tu, mama. Asiwapige kwa mikono, na hata mmoja akitua juu yake, asikimbie.

— Kukimbia? Mimi? Nishike mkono.

Nikamkalisha kwenye ncha ya pili ya benchi, mguu ukanyooka mbele. Nyuki wakawa wanarudi, wanazunguka sanduku mara moja, mara mbili, wanaingia. Mmoja alitua kwenye plasta, akaikagua yote, akaenda zake. Shangazi hakutikisika. Alikuwa akiwatazama Jaji na Fundi Viatu, waliokuwa wamesimama ng'ambo bila benchi na bila kahawa.

— Haya, akapaza sauti, na nyinyi tangu asubuhi mmeamua nini?