Kanga ya Pili

Ndani ya bajaji ya Baleni, mama aliyekaa kati yangu na kijana mgeni aliitikia shikamoo ya kijana huyo, kisha akashusha pumzi ndefu. "Alhamdulillahi, mwanangu Zubery jana kanusurika," alimwambia. "Alikuwa akiimba na bendi yao ya roki pale ukumbini. Mara akapiga ukelele, akaanguka kwa magoti, akatikisa kichwa. Nikajua kapandwa na pepo. Nikakimbilia jukwaani, nikamfunika kanga, nikamuuliza: wewe nani, wataka nini? Akajibu kwenye kipaza sauti: maji! Nikampa, akanywa, akatulia."

Nilijuta kutokwenda.

"Hakupandwa, mama," kijana alisema kwa adabu. "Roki ndivyo inavyoimbwa. Alikuwa na kiu tu."

"Kiu ya nani?"



"Mama, mimi ndiye niliyekuwa nyuma yake nikipiga dramu. Nami natikisa kichwa vilevile, na sina pepo."

Bajaji ikasimama. Nilishuka kumpisha mama. Alipokanyaga chini aligeuka, akamtazama kijana kwa huruma toka nywele hadi viatu.

"Maskini," alisema. "Basi safari ijayo nitakuja na kanga mbili."